Toleo Hili Halihudumiwi Tena

Kila baada ya miezi minane hivi, mmoja wa watunzaji wa Django hufungua faili za maandishi na kubadilisha tarakimu chache. Palipokuwa pamesema mafunzo yanahitaji Python 3.8 kwenda juu, anaandika 3.10. Aya zilizohusu toleo lililostaafu zinaondolewa, ilani moja inasogezwa mahali inapoonekana zaidi, kiungo kilichokufa kinarekebishwa, basi. Hata miongoni mwa waprogramu wenyewe kazi hii huhesabiwa kuwa ya ziada, ya kumpa mgeni ajizoeshe nayo huku wakubwa wakishughulikia msimbo. Naona hesabu hiyo ina kasoro. Tarakimu hizo ni sehemu ya programu sawasawa na msimbo, kwa sababu zikikosewa programu inaharibikia mikononi mwa mtumiaji. Tena anayeumia kwanza si mhandisi wa Nairobi mwenye wenzake wa kuwauliza kwenye meza ya pili. Ni yule anayejifunza peke yake Dundori, kwenye nyanda za juu kati ya Nakuru na Ol Kalou, ambako ukurasa wa maelezo ndio mwalimu, msimamizi na mkaguzi wa kazi.

Kwa asiyeifahamu, Django ni fremuweki, yaani mkusanyiko wa msimbo ulioandikwa tayari kwa kazi ambazo kila tovuti inazihitaji: kumtambua mtumiaji kwa nywila yake, kuandika na kusoma hifadhidata, kupokea fomu, kuzuia hila za kawaida za wadukuzi. Ilianza mwaka 2003 katika chumba cha habari cha gazeti la Lawrence Journal-World, jimbo la Kansas, Marekani, ambako waprogramu wawili, Adrian Holovaty na Simon Willison, walikuwa wakikimbizana na saa za mwisho za wahariri. Mwaka 2005 ilitolewa bure kwa umma. Jina ni la Django Reinhardt, mpiga gitaa wa jazi. Huku kwetu imefika mbali kuliko watu wengi wanavyojua. RapidPro, mfumo wa kutuma na kupokea ujumbe wa simu uliotengenezwa na kampuni ya Nyaruka ya Kigali pamoja na UNICEF, umejengwa kwa Django, na ndio uliokuja kuendesha U-Report, huduma iliyoanzia Uganda mwaka 2011 ya kuwauliza vijana maoni yao kwa ujumbe mfupi. Mkutano wa kwanza wa Afrika wa watumiaji wa fremuweki hii ulifanyika Zanzibar Novemba 2023, na uliofuata ukafanyika Arusha mwaka 2025. Kwa hiyo hatuzungumzii chombo cha wageni kinachotupitia mbali.

Sasa, Django haikai ilivyo. Toleo jipya hutoka kila baada ya miezi minane hivi, na kila toleo limepangiwa siku ya kukoma kuhudumiwa. Matoleo ya kawaida huishi muda mfupi. Lakini kila miaka miwili hutoka moja la kuhudumiwa kwa muda mrefu, ambalo hupata viraka vya usalama kwa miaka mitatu au zaidi kidogo. Toleo 3.2 lilitoka Aprili 2021 na huduma yake ikakoma Aprili 2024, 4.2 lilitoka Aprili 2023, mwisho wake Aprili 2026, 5.2 lilitoka Aprili 2025, mwisho wake Aprili 2028. Chini ya Django iko Python, lugha ambayo Django yenyewe imeandikwa, nayo ina kalenda yake: toleo jipya kila Oktoba, na kila toleo huhudumiwa miaka mitano. Kalenda hizi mbili zinatembea kwa mwendo tofauti. Ukurasa unaosema Django fulani inafanya kazi na Python zipi ndio mahali zinapokutanishwa, na ukurasa huo haujiandiki.

Tuone kinachotokea ukikosekana au ukipuuzwa. Kijana amenunua kompyuta iliyotumika, akapakua Python 3.13 kwa sababu ndiyo iliyowekwa mbele kwenye tovuti siku hiyo. Mafunzo aliyonayo, video aliyopewa na rafiki kwenye kidude cha USB, yanatumia Django 4.0. Anaandika amri ya kuisakinisha na kila kitu kinakwenda sawa, kwa kuwa kisakinishi kinaangalia tu kwamba Python yake si ya chini kuliko 3.8, hakuna mtu mwaka 2021 aliyeweza kuandika ni Python ipi ya baadaye itakayoivunja. Kisha anajaribu kuiendesha. Kompyuta inamjibu kwamba hakuna moduli inayoitwa cgi. Hajawahi kusikia cgi maishani mwake, na kwenye video haimo. Maelezo ni rahisi kwa anayejua: cgi ni kipande cha zamani kilichokuwa ndani ya Python tangu enzi za mwanzo za wavuti, kikaondolewa katika 3.13 iliyotoka Oktoba 2024, na Django 4.0 ilikuwa bado inakiegemea. Nyaraka za 4.0 zilisema wazi kwamba inaendana na Python 3.8, 3.9 na 3.10. Mstari mmoja. Asiyeuona atasakinisha upya mara tatu, atalaumu kompyuta, na mwisho atajilaumu mwenyewe kwamba hana kichwa cha kuprogramu. Wangapi wameacha hapo hakuna anayewahesabu, maana aliyeacha haandiki ripoti ya hitilafu.

Mafunzo rasmi ya Django yanajua hatari hii, ndiyo maana sehemu ya kwanza kabisa, kabla ya kuandika chochote, inamtaka msomaji aulize kompyuta ana toleo gani, inamwambia mafunzo yameandikiwa toleo lipi, na inamwelekeza kwenye kitufe cha kuchagua nyaraka zinazolingana na lake. Ukifungua nyaraka za toleo lililostaafu, juu ya ukurasa linatokea bango linalosema kwamba waraka huo ni wa toleo lisilo salama ambalo halihudumiwi tena. Ni kazi nzuri, nami naisifu. Lakini inadhani msomaji yuko mtandaoni. Nyaraka hizo hizo hutolewa pia katika PDF na ePub za kupakua, na kwa mtu anayenunua bando la saa moja, kupakua mara moja na kusoma wiki nzima ndiyo akili. Tatizo ni kwamba PDF iliyopakuliwa wakati toleo lingali hai haitapata bango hilo kamwe. Inazeeka bila kujua. Inapitishwa kutoka simu hadi simu, inachapishwa saiba, inawekwa kwenye kompyuta za maabara, na kila anayeipokea anaipokea kana kwamba imeandikwa jana. Wakulima wa viazi wa Dundori wanaijua hali hii kwa upande wao: mbegu ya Shangi inayorudishwa shambani msimu baada ya msimu inaonekana ile ile kwa macho huku ikibeba mnyauko na virusi, na ndiyo sababu mfuko wa mbegu iliyothibitishwa huwa na kibandiko cha KEPHIS. Nakala ya nyaraka isiyo na namba ya toleo wala tarehe ya mwisho ni mfuko uliobanduliwa kibandiko.

Upande wa pili wa suala hili, nao una uzito zaidi, ni seva ya majaribio. Django huja na amri moja fupi, runserver, inayoiwezesha kompyuta yako kuwa seva ya tovuti yako mwenyewe. Unaiandika, unafungua kivinjari kwenye anwani 127.0.0.1, mlango namba 8000, na tovuti uliyoiandika dakika tano zilizopita iko mbele yako. Ukibadilisha msimbo, seva inajiwasha upya yenyewe. Ukikosea, inakuchorea ukurasa mzima wa manjano na kijivu unaoonyesha mstari uliovunjika, thamani zilizokuwamo wakati huo, na sehemu kubwa ya mipangilio ya mradi wako. Kwa mwanafunzi hiyo ni neema. Kwa mdukuzi pia ni neema, na tofauti iko tu katika swali la nani anayefikia anwani hiyo. Ndiyo maana nyaraka zinasema bila kuzungusha kwamba seva hii isitumike katika jambo lolote linalofanana na kazi halisi: haijakaguliwa usalama, haijapimwa uwezo wa kubeba wageni wengi, na waandishi wake wanakumbusha kwamba wao ni watengenezaji wa fremuweki, si watengenezaji wa seva.

Ilani hiyo ingetosha kama watu wangeivunja kwa ukaidi. Wengi huivunja kwa sababu chombo chenyewe kinawasukuma. Mfano mmoja unatosha. Mwanafunzi amekodi seva ndogo, amepakia mradi wake, amewasha runserver na tovuti inaonekana. Kisha anasoma mahali kwamba mpangilio uitwao DEBUG lazima uzimwe, anauzima, na ghafla rangi, picha na vitufe vyote vinatoweka; ukurasa unabaki maandishi matupu. Haikuharibika. Ni kwamba seva ya majaribio hugawa faili hizo za mapambo pale tu DEBUG ikiwa imewashwa, na kwenye kazi halisi zinatakiwa kugawiwa na chombo kingine. Lakini asiyejua anaona jambo moja: nilipozima ikaharibika, nikiwasha inapona. Anaiwasha. Tangu hapo kila kosa litakalotokea mbele ya mgeni yeyote litamfungulia mgeni huyo matumbo ya mradi, na seva itakuwa ikipoteza kumbukumbu yake kwa kuhifadhi maulizo yanayopelekwa kwenye hifadhidata. Sentensi mbili zilizowekwa palepale amri ya runserver inapofundishwa, zikieleza kwamba mapambo yatatoweka na kwa nini, zingemwokoa. Zikiwekwa sura saba mbele, chini ya kichwa cha usambazaji, hazimwokoi mtu ambaye hatafika sura ya saba.

Kwa Kenya kuna msukumo wa ziada ambao waandishi wa nyaraka waliokaa Ulaya na Marekani hawawezi kuukisia, nao ni M-Pesa. Karibu kila mradi wa mwanafunzi hapa, uwe wa kuuza viazi au wa kuweka hesabu za maziwa ya chama cha ushirika, unafika mahali pa kupokea pesa. Safaricom ilifungua mfumo wake wa Daraja mwaka 2017, na Daraja hufanya kazi hivi: programu yako inaomba malipo, mteja anaweka namba yake ya siri kwenye simu, kisha Safaricom inatuma jibu kwenye anwani uliyoitoa. Anwani hiyo lazima ifikike kutoka nje. 127.0.0.1 haifikiki, kwa kuwa maana yake ni mashine hii hii. Kwa hiyo wanafunzi hutumia vyombo kama ngrok, vinavyochimba njia ya muda kutoka kwenye intaneti hadi kwenye seva ya majaribio iliyo kitandani Dundori. Kwa jaribio la nusu saa na pesa za kuigiza, sina ubaya nalo. Lakini hapo mstari kati ya majaribio na kazi umeshavukwa: seva isiyokaguliwa, yenye kurasa za makosa zinazosema kila kitu, imewekwa hadharani, na mwanafunzi amejifunza kwamba hivyo ndivyo inavyofanyika. Nyaraka za fremuweki hazina haja ya kuitaja M-Pesa. Zina haja ya kueleza ni lini hasa seva ya majaribio huacha kuwa ya faragha, kwa kuwa kupokea majibu ya malipo si jambo la Wakenya peke yao.

Anayedhani natisha watu na auangalie mkasa wa Patreon, tovuti ya Marekani ya kuwachangia wasanii, mwishoni mwa Septemba 2015. Wadukuzi waliingia, wakaondoka na hifadhidata, wakaimwaga hadharani. Ndani yake mlikuwa na anwani za barua pepe zaidi ya milioni 2. Kampuni yenyewe ilieleza kwamba mlango ulikuwa toleo la tovuti lililowekwa katika hali ya kutafutia hitilafu na likaachwa wazi kwa umma. Chombo cha kutafutia hitilafu kilichotajwa na watafiti wa usalama kilikuwa Werkzeug, ambacho ndicho msingi wa fremuweki nyingine ya Python, Flask. Chombo hicho kinaweza kumruhusu anayekitazama kuandika amri za Python moja kwa moja ndani ya seva. Waandishi wake walikuwa wameonya juu ya hilo katika nyaraka. Patreon haikuwa genge la wanagenzi. Ilikuwa na wahandisi wanaolipwa vizuri. Kama wao walipita juu ya ilani, mtu ana haki ya kuuliza swali gumu zaidi kuhusu hoja yangu.

Swali lenyewe ni hili: ikiwa watu hawasomi, kuna faida gani kuhangaika na kilichoandikwa? Msimbo ndio ukweli, watasema baadhi ya waprogramu, na maelezo siku zote huchechemea nyuma. Nusu ya pingamizi hili naikubali. Ilani ya runserver ilikaa kwenye nyaraka za Django miaka na miaka, na bado seva za majaribio zikaendelea kuonekana mitaani. Ndipo katika toleo 5.2, Aprili 2025, watunzaji walipoihamisha: sasa kila ukiwasha runserver, kwenye kidirisha chenyewe cha amri yanatokea maneno kwamba hii ni seva ya majaribio, usiitumie kwenye kazi halisi, tumia seva iliyokusudiwa kazi hiyo. Anayekereka nayo anaweza kuizima kwa mpangilio maalumu. Lakini tazama walichofanya kwa makini. Hawakuacha kuandika, waliandika mahali ambapo jicho liko. Na maneno yale ya kidirishani, kwa kuwa lazima yawe mafupi, yanaishia na kiungo cha kwenda kwenye ukurasa wa nyaraka unaoeleza seva zipi zinafaa, Gunicorn na wenzake, na jinsi ya kuziunganisha. Ukurasa huo ukiwa umezeeka, ilani yote inamwongoza msomaji kwenye ukuta. Kinachodaiwa kuwa ushindi wa msimbo juu ya maandishi kimeongeza mzigo wa maandishi.

Pingamizi la pili lina harufu ya pesa, na kwa kaunti kama Nakuru si la kupuuzwa. Mfumo unafanya kazi, wanasema, aliyeujenga ameshalipwa na kuondoka, na kuuhamishia toleo jipya kutahitaji bajeti nyingine, mbona tuusumbue? Sababu ni kwamba toleo lisilohudumiwa halibaki palepale. Kila kasoro ya usalama inayogunduliwa kwenye matoleo yaliyo hai hutangazwa pamoja na kiraka chake, na tangazo hilo humweleza mdukuzi pia mahali pa kupekua kwenye matoleo yaliyokufa, ambayo mara nyingi yana kasoro ile ile na hayatapata kiraka. Django 1.11 ilikuwa ya mwisho kukubali Python 2. Python 2 ikafungwa tarehe 1 Januari 2020, Django 1.11 ikaifuata Aprili mwaka huo. Mfumo uliobaki hapo una sakafu mbili zilizoachwa bila mtunzaji. Nao Ushahidi, programu iliyozaliwa Kenya Januari 2008 kukusanya ripoti za vurugu za baada ya uchaguzi, vurugu ambazo Nakuru na Naivasha haziwezi kuzisahau, ulionja aina nyingine ya hali hiyo. Ulijengwa juu ya fremuweki ya PHP iitwayo Kohana, iliyokuwa na wafuasi wengi wakati huo. Mwaka 2017 Kohana ilitangazwa kuwa imefika mwisho. Timu ya Ushahidi ilikuwa na ujuzi wa kuuhamishia msimbo wao kwenye fremuweki nyingine, Laravel. Chama cha ushirika kilicholipa mtu mmoja ajenge tovuti hakina timu kama hiyo.

Kwa sababu hiyo naona mahali pa kuanzia si kwenye msimbo wala kwenye bajeti ya dharura, ni kwenye mkataba. Kabla ya malipo ya mwisho, mnunuzi aulize maswali mawili ambayo hayahitaji shahada: mfumo huu umejengwa juu ya toleo gani, na huduma ya toleo hilo inakoma mwezi gani? Jibu la kwanza analo aliyeujenga, na la pili liko kwenye ukurasa mmoja ulio wazi kwa kila mtu. Mfumo unaokabidhiwa ukiwa juu ya toleo lililobakiza miezi minne si mfumo mpya, hata kama rangi yake inang'aa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 tayari inamtaka anayehifadhi taarifa za watu achukue hatua za kiufundi zinazofaa kuzilinda, na sioni jinsi mtu atakavyojitetea kwamba hatua zilifaa huku watengenezaji wenyewe wa chombo wameandika juu ya ukurasa kwamba toleo hilo si salama. Hapa ukurasa wa matoleo unavuka kazi ya kumfundisha mwanafunzi na kuwa kipimo ambacho hata mwenyekiti wa ushirika asiyejua Python anaweza kukitumia.

Pingamizi la tatu ni la siku hizi: nani anasoma nyaraka wakati akili unde inajibu kila swali? Kwa kijana wa Dundori msaada huo ni mkubwa, na anayembeza kwa kuutumia hajui upweke wa kujifunza bila mwenzako. Ila akili unde ilifundishwa kwa maandishi yaliyokuwapo, na maandishi ya miaka kumi iliyopita ni mengi kuliko ya mwaka jana. Mpaka leo waweza kupewa jibu linaloanza kwa kuagiza url kutoka django.conf.urls, amri iliyoondolewa katika Django 4.0 mwishoni mwa 2021, pamoja na maelezo ya kujiamini kabisa. Jibu hilo lilikuwa sahihi zamani. Njia ya kulisahihisha ni nyaraka zinazotaja toleo kila mahali, zenye alama kwamba jambo hili limeongezwa katika toleo fulani na lile limebadilishwa katika toleo fulani, ili mashine na mtu wote wawili wapate cha kupimia. Nyaraka zilizozeeka zikimpotosha msomaji mmoja, ni msomaji mmoja. Zikiingia kwenye mafunzo ya mashine, zinapotosha kila atakayeuliza.

Limebaki suala la lugha. Django inajua Kiswahili kidogo: ujumbe wake kwa watumiaji wa tovuti, kama ule wa kumwambia mtu kwamba sehemu fulani ya fomu haikujazwa, una tafsiri ya Kiswahili. Nyaraka hazina. Wapo wanaotamani zitafsiriwe zote, na nawaelewa, lakini nina shaka. Nyaraka hizo ni maelfu ya aya, na kila toleo linagusa sehemu yake. Tafsiri itakayokamilika kwa Django 5.2 na kuachwa hapo itakuwa, kufikia 2028, PDF nyingine isiyo na bango. Ningependa zaidi kurasa tatu za Kiswahili zinazotunzwa kuliko mia tatu zilizotelekezwa: moja ya matoleo na tarehe zake, moja ya seva ya majaribio na mipaka yake, na moja ya namna ya kuihamishia tovuti kwenye seva halisi. Vyuo vinaweza kufanya sehemu ya kazi hiyo bila kungoja mtu. Kenya iliidhinisha mtaala wa usimbaji kwa shule za msingi na sekondari mwaka 2022, na vyuo vya ufundi vya Nakuru vina walimu wanaochapisha vitini kila muhula. Kitini kinachobeba kwenye kila ukurasa namba ya toleo na mwezi ambao huduma yake itakoma hakigharimu wino wa ziada wa kusemwa.

Na anayetaka kugusa chanzo chenyewe hana haja ya kuomba ruhusa Kansas. Shirika la Django Software Foundation limekuwa likiwalipa watu wachache, tangu 2014, kupokea na kukagua mabadiliko yanayoletwa na yeyote, na nyaraka zimehifadhiwa kama faili za maandishi ya kawaida ndani ya hazina ile ile ya msimbo. Badiliko la msimbo linaloathiri watumiaji halikubaliwi mpaka liambatane na badiliko la maelezo, kanuni ambayo fremuweki nyingi changa bado hazina. Kwa kosa kubwa kuna utaratibu wa kufungua tiketi na kujadiliana. Kwa sentensi iliyopinda, namba ya toleo iliyosahaulika au kiungo kilichokufa, tiketi haihitajiki. Unatuma sahihisho lenyewe, na bando la saa moja linatosha.